Jinsi mpango wa maendeleo wa kaunti unavyoandikwa na kubadilishwa, na nafasi ya mkazi wa Kaptembwo

Barabara ya mtaa, mtaro wa maji ya mvua, bomba la majitaka na zahanati havianzi siku tingatinga linapowasili. Huanza miaka kadhaa kabla ya hapo, katika kitabu kinachoitwa Mpango Jumuishi wa Maendeleo ya Kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inasema wazi katika kifungu cha 104 kwamba hakuna fedha za umma zitakazotengwa nje ya mipango iliyoandaliwa na Kamati Tendaji ya Kaunti na kuidhinishwa na bunge la kaunti.

Kwa wakazi wa wadi ya Kaptembwo, magharibi mwa jiji la Nakuru, kanuni hiyo si ya wanasheria peke yao. Wadi hiyo ina msongamano wa watu, nyumba nyingi za kupanga na ploti zilizokatwa kabla ya huduma muhimu kufika. Mradi wa mtaa ukikosa kutajwa katika mpango, hautatajwa katika bajeti, na usipotajwa katika bajeti hautajengwa.

Hata hivyo, si wengi wanaofahamu ni nani huandika mpango huo, unapitia hatua gani, na ni lini mwananchi anaweza kuomba ubadilishwe. Asiyezijua siku hizo hufika na malalamiko yake wakati fedha zimekwisha kugawanywa.

MTAA ULIOTANGULIA MPANGO

Nakuru ilitangazwa kuwa mji mwaka 1904, miaka michache baada ya reli ya kutoka Mombasa kupita, na ikapewa hadhi ya manispaa mwaka 1952. Mji huo umebanwa na maumbile. Kaskazini kuna kreta ya Menengai na kusini kuna Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru. Kwa sababu hiyo, idadi ya watu ilipoongezeka, mji ulinyooka zaidi kuelekea mashariki na magharibi.

Mipaka ya manispaa ilipanuliwa baada ya Uhuru hadi ikafikia takriban kilomita mraba 290. Kati ya hizo, kilomita mraba 188 ni mbuga, ambako hakuna ruhusa ya kujenga nyumba za watu. Ardhi iliyosalia ndiyo iliyobeba viwanda, maduka, mashamba na makazi.

Huko magharibi, mashamba yaliyokuwa ya walowezi yalinunuliwa na kampuni na vyama vya kununua ardhi, kisha yakagawanywa kuwa ploti za wanachama. Wenye ploti walijenga vyumba vya kupangisha, kimoja baada ya kingine, kwa kuwa wafanyakazi wa viwandani na vibarua wa mjini walihitaji pa kulala kwa kodi nafuu. Hivyo ndivyo mitaa kama Kaptembwo na jirani yake Rhonda ilivyojaa watu kabla ya barabara, mabomba na mitaro kupangwa.

Ni muhimu kuelewa tofauti hiyo. Katika baadhi ya mitaa ya mabanda nchini, wakazi huishi juu ya ardhi ya umma na hofu yao kuu ni kufurushwa. Kaptembwo kwa sehemu kubwa ni ardhi yenye wenyewe. Tatizo lake ni kwamba ardhi iligawanywa na kujengwa pasipo kuachwa nafasi ya kutosha kwa huduma za wote. Mpango unapokuja baada ya nyumba, kila mtaro na kila barabara humega ploti ya mtu.

Isitoshe, ardhi ya upande huo imetokana na majivu ya volkano na inapitiwa na nyufa za Bonde la Ufa. Baada ya mvua kubwa, ardhi imewahi kutitia na kufunguka katika sehemu za magharibi mwa mji. Majitaka na takataka za mitaa hiyo nazo huelekea Ziwa Nakuru, ambalo tangu mwaka 1990 limeorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuhusu ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kwa hivyo, mpango wa Kaptembwo ni suala la uhai wa wakazi wake na vilevile la ziwa lililo chini yao.

ENZI ZA BARAZA LA MANISPAA

Kabla ya ugatuzi, mji uliongozwa na Baraza la Manispaa ya Nakuru chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa. Madiwani walichaguliwa na wananchi, lakini maamuzi mengi makubwa yalihitaji idhini ya wizara jijini Nairobi. Mipango ya matumizi ya ardhi iliandaliwa na Mkurugenzi wa Mipango ya Ardhi chini ya Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 1996. Rasimu ilitangazwa, umma ukapewa siku zisizozidi 60 za kuwasilisha pingamizi, na hatimaye waziri akaidhinisha au kukataa.

Nakuru ilijaribu njia nyingine mapema kuliko miji mingi. Mwaka 1995 ilichaguliwa kuwa miongoni mwa miji ya mwanzo, pamoja na Essaouira nchini Morocco na Vinh nchini Vietnam, katika programu ya Umoja wa Mataifa ya kuleta mashinani Ajenda 21, yaani maazimio ya kongamano la mazingira lililofanyika Rio de Janeiro mwaka 1992. Ubelgiji ilifadhili programu hiyo, na wataalamu wa Leuven wakashirikiana na maafisa wa manispaa.

Madiwani, wafanyabiashara, makundi ya wakazi, wasimamizi wa mbuga na maafisa wa serikali waliketi pamoja kujadili mji wanaoutaka. Matokeo yake yalikuwa mpango wa kimkakati wa mji uliokamilishwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Mpango huo ulitazama mji wote kwa pamoja: mahali pa kupanuka, mahali pa kulindwa, na jinsi ya kuinua mitaa iliyosahauliwa.

Upungufu ulikuwa katika fedha. Baraza lilikuwa na kitabu kizuri, lakini hapakuwa na sheria iliyolifunga litenge bajeti yake kwa kukifuata kitabu hicho. Mpango na bajeti vilikuwa kama mito miwili isiyokutana.

Mageuzi yaliyofuata yalijaribu kuikutanisha. Sheria ya mwaka 1998 iliunda hazina ya kuzipa serikali za mitaa asilimia 5 ya kodi ya mapato iliyokusanywa nchini. Kuanzia mwaka 2001, mabaraza yalitakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa utoaji huduma uliotokana na mikutano ya wananchi katika wadi, ili yapate fedha hizo kikamilifu. Kwa mara ya kwanza, mkazi wa kawaida alialikwa kutaja mradi anaoupa kipaumbele.

Mikutano hiyo ilikuwa na kasoro zake. Mara nyingi iliitwa kwa notisi fupi, miradi ilikuwa midogo na ya mwaka mmoja, na diwani mwenye sauti ndiye aliyeamua. Hata hivyo, ilipanda mbegu ya wazo ambalo baadaye lingeingizwa katika Katiba: kwamba mpango wa mji ni mali ya wakazi wake.

MIPANGO INAYOTAKIWA NA SHERIA

Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi kila kaunti jukumu la kupanga maendeleo yake. Baada ya uchaguzi mkuu wa Machi 2013, mabaraza ya manispaa na ya wilaya yalitoweka na majukumu yao yakachukuliwa na serikali 47 za kaunti. Kaunti ya Nakuru ina wadi 55. Kaptembwo ni mojawapo, ikiwa ndani ya eneobunge la Nakuru Mjini Magharibi pamoja na Barut, London, Kapkures, Rhoda na Shaabab.

Sheria ya Serikali za Kaunti inataja mipango ya aina nne.

Wa kwanza ni Mpango Jumuishi wa Maendeleo ya Kaunti, unaodumu kwa miaka mitano. Huo ndio mama wa mipango yote. Ni lazima utaje malengo, miradi, namna ya kuitekeleza, vigezo vya kupima ufanisi, mahali fedha zitakapotoka na jinsi umma utakavyopewa taarifa. Nakuru imekuwa na mipango mitatu ya aina hiyo: wa 2013 hadi 2017, wa 2018 hadi 2022, na wa 2023 hadi 2027.

Wa pili ni mipango ya kisekta, kama vile afya, maji au kilimo, ambayo hutazama miaka kumi mbele. Wa tatu ni mpango wa matumizi ya ardhi ya kaunti, ambao pia ni wa miaka kumi na hupitiwa upya kila baada ya miaka mitano. Huonyesha kwa ramani mahali pa makazi, viwanda, mashamba, misitu na barabara kuu. Nakuru iliandaa wake kwa kipindi cha 2015 hadi 2025.

Wa nne ni mipango ya miji na majiji. Nakuru iliandaa mpango mkakati wa mji kwa kipindi cha 2014 hadi 2034, chini ya programu ya kuimarisha manispaa iliyofadhiliwa na Benki ya Dunia. Mpango wa mji hugawanya maeneo, ukieleza wapi patajengwa ghorofa, wapi pataachwa kwa shule na viwanja vya michezo, na wapi pasijengwe kamwe. Sheria inasema mpango kama huo unazifunga taasisi za umma na pia watu binafsi walio ndani ya mipaka yake.

Nakuru ilipandishwa hadhi na kuwa jiji la nne la Kenya. Seneti iliidhinisha ombi hilo mwezi Juni 2021, na Rais Uhuru Kenyatta akatoa hati ya jiji mnamo Desemba 1, 2021. Sensa ya mwaka 2019 ilikuwa imeonyesha kwamba mji ulikuwa na watu 570,674, huku kaunti nzima ikiwa na 2,162,202. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji inautaka usimamizi wa jiji uwe na bodi, meneja na mpango jumuishi wake wenyewe unaowiana na ule wa kaunti. Hadhi ya jiji peke yake haileti bomba la maji Kaptembwo. Inachofanya ni kuongeza ofisi moja zaidi ambayo mkazi ana haki ya kuiuliza mpango wake.

HATUA ZA KUANDIKA MPANGO WA MIAKA MITANO

Uandishi wa mpango wa miaka mitano hufuata kalenda ya uchaguzi. Gavana na madiwani huchaguliwa mwezi Agosti. Wanapoapishwa, hukuta bajeti ya mwaka huo ikiwa imekwisha kupitishwa na watangulizi wao, na kazi kubwa iliyo mbele yao huwa ni kuandika mpango mpya.

Hatua ya kwanza ni tathmini ya mpango unaomalizika. Maafisa wa idara ya mipango hutazama ni miradi ipi iliyokamilika, ipi iliyokwama na ipi haikuanza. Hatua ya pili ni kukusanya takwimu: idadi ya watu, hali ya barabara, maji, afya, shule na ajira. Hatua ya tatu ni mikutano ya hadhara katika wadi, ambako wakazi hutaja mahitaji yao na kuyapanga kwa uzito.

Hatua ya nne hufanyika ofisini. Ahadi za gavana, mahitaji ya wadi, mipango ya serikali kuu na makadirio ya fedha huoanishwa. Hapa ndipo miradi mingi hukatwa. Wadi inaweza kutaja mambo ishirini na rasimu ikabakisha matano. Kwa sababu hiyo, mkazi aliyehudhuria mkutano wa kwanza na asifuatilie rasimu huwa amepanda bila kupalilia.

Hatua ya tano ni Kamati Tendaji ya Kaunti kuidhinisha rasimu na kuiwasilisha katika bunge la kaunti. Kamati husika ya bunge hualika maoni ya umma, huandika ripoti, na madiwani hupiga kura. Mpango ukipitishwa, ndio unaokuwa msingi wa kila bajeti hadi uchaguzi mwingine.

Utaratibu wa aina hii haupo Kenya pekee. Afrika Kusini, kupitia sheria ya mifumo ya manispaa ya mwaka 2000, huitaka kila manispaa kuwa na mpango jumuishi unaopitiwa upya kila mwaka. Nchini Tanzania, mbinu ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo huanzia katika kijiji na mtaa, kisha hupanda hadi halmashauri. Kote huko changamoto ni moja: sauti ya mtaa hupungua kadiri karatasi zinavyopanda ngazi.

KALENDA YA KILA MWAKA

Mpango wa miaka mitano haulipi kandarasi. Ni lazima ukatwe vipande vya mwaka mmoja mmoja, kisha vigeuzwe kuwa bajeti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka tarehe ambazo mkazi wa Kaptembwo anafaa kuzikariri.

Kufikia Septemba 1, kaunti iwe imewasilisha katika bunge lake mpango wa maendeleo wa mwaka wa fedha unaofuata. Waziri wa kaunti anayehusika na mipango anatakiwa kuuchapisha na kuutangaza katika muda wa siku saba baada ya kuuwasilisha. Hapa ndipo mradi hutajwa kwa jina na mahali.

Kufikia Februari 28, waraka wa sera ya fedha ya kaunti huwasilishwa. Huo huweka kiwango cha juu cha fedha ambacho kila idara itapata. Kaunti inapouandaa inatakiwa kuzingatia maoni ya umma na ya kongamano la bajeti na uchumi la kaunti, ambalo huongozwa na gavana na hujumuisha wawakilishi wa wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya kidini.

Kufikia Aprili 30, makadirio ya bajeti hufika bungeni. Kufikia Juni 30, ni lazima yawe yamepitishwa, kwa kuwa mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Sheria inataka pia angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, kwa kipindi cha muda wa kati, itengewe maendeleo.

Mfuatano huo una maana kubwa. Mkazi anayeomba mtaro mwezi Mei, wakati bajeti inajadiliwa, huambiwa kwamba haumo katika mpango wa mwaka, na jibu hilo kisheria ni sahihi. Mahali pa kuuliza ni Agosti na Septemba, karibu mwaka mzima kabla ya fedha kuanza kutumika. Wengi hujitokeza katika mikutano ya bajeti na hukosa mikutano ya mpango, ilhali uamuzi mkubwa hufanyika katika ile ya mpango.

MPANGO UNAVYOBADILISHWA

Hakuna anayeweza kutabiri miaka mitano yote. Mafuriko, ukame, maradhi au uhaba wa fedha huweza kulazimu mabadiliko. Janga la Covid-19, lililoingia Kenya Machi 2020 katikati ya mpango wa 2018 hadi 2022, lilizilazimu kaunti kuelekeza fedha katika hospitali kwa namna ambayo hakuna mpango ulioitarajia.

Kifungu cha 112 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinaeleza njia ya kurekebisha mpango wa miaka mitano. Gavana ndiye anayewasilisha pendekezo katika bunge la kaunti, na ni lazima aliambatanishe na maelezo ya sababu. Marekebisho hayawi halali mpaka bunge lipitishe uamuzi kwa kufuata kanuni zake. Afisa wa idara, msimamizi wa wadi au diwani mmoja hana mamlaka ya kuubadilisha mpango peke yake.

Ugumu huo umewekwa makusudi. Kama mpango ungebadilishwa kwa urahisi, mradi wa Kaptembwo ungeweza kuhamishwa hadi wadi nyingine kila upepo wa siasa unapobadilika. Upande wa pili ni kwamba mtaa ulioachwa nje nao hauwezi kuingizwa kwa urahisi.

Zipo njia nyingine zisizogusa mpango wa miaka mitano moja kwa moja. Mpango wa mwaka huandikwa upya kila Septemba, na unaweza kutanguliza mradi uliokuwa umewekwa mwaka wa mwisho. Tathmini ya katikati ya kipindi hutoa nafasi ya kuonyesha kilichokwama. Aidha, bajeti ya ziada huruhusu kuhamisha fedha katikati ya mwaka, kwa idhini ya bunge.

Bajeti ya ziada inahitaji kufuatiliwa kwa makini. Mara nyingi ndiyo nafasi ambamo mradi uliopiganiwa kwa mwaka mzima hupunguziwa fedha kimyakimya. Mradi haufutwi katika mpango. Hubaki humo kwa jina, bila shilingi. Mkazi anayetaka kujua ukweli hana budi kuisoma bajeti ya ziada sambamba na ile ya kwanza.

RAMANI ZA ARDHI NA MTAA ULIOKWISHA JENGWA

Mbali na miradi, kuna suala la ardhi yenyewe. Sheria ya Mipango ya Ardhi na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 ilichukua nafasi ya ile ya 1996. Sasa kaunti ndiyo huandaa ramani na kutoa kibali cha kujenga au kubadilisha matumizi ya ploti. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya kaunti, kisha kwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Katika mtaa uliokwisha kujengwa, kanuni za kawaida hugonga mwamba. Ukiamuru kila njia iwe na upana unaotakiwa katika mtaa mpya, utabomoa safu nzima za nyumba na kuwaacha wapangaji bila makao. Ukiacha kila kitu kilivyo, gari la zimamoto na lori la taka havitapita.

Sheria ina njia ya kati: kutangaza eneo lenye matatizo ya kipekee kuwa eneo maalum la mipango. Nairobi ilifanya hivyo mwezi Agosti 2017 kwa mitaa ya Mukuru, chini ya sheria ya zamani. Ujenzi mpya ulisitishwa kwa miaka miwili, mashirika, vyuo vikuu na wataalamu wakagawana kazi za utafiti, na wakazi wakapangwa katika makundi madogomadogo ya kaya ili kila njia ipate mwakilishi. Matokeo yalikuwa mpango unaolegeza viwango vya upana wa barabara na kuweka huduma kwanza, pasipo kuwafurusha watu kwa wingi. Hali ya umiliki wa ardhi Mukuru si sawa na ya Kaptembwo, lakini funzo la kuanza na waliopo ni lilelile.

MPANGAJI ASIYEONEKANA

Swali gumu zaidi kwa mtaa kama Kaptembwo ni nani huhesabiwa kuwa mwenye mtaa. Ramani huonyesha ploti na majina ya wamiliki. Barua za notisi za ujenzi huwalenga wamiliki. Baadhi yao hawaishi hapo. Wanaotumia choo kimoja kwa kaya kadhaa, wanaonunua maji kwa mtungi na kuvuka matope kwenda kazini ni wapangaji, na hao ndio wengi.

Suala la vyoo lilidhihirisha jambo hilo. Mapema katika miaka ya 2010, mashirika ya Practical Action na Umande Trust yaliendesha kampeni ya usafi Kaptembwo na Rhonda kwa ushirikiano na maafisa wa afya. Ilibainika kwamba kumhimiza mpangaji pekee hakutoshi, kwa kuwa hana idhini ya kuchimba shimo wala kuunganisha bomba katika ploti ya mwingine. Ilibidi wenye nyumba waitwe, wahimizwe na wafunguliwe njia ya mikopo ili wajenge vyoo bora.

Mpango unaohesabu ploti badala ya watu hufanya kosa kama hilo. Ploti moja yenye vyumba kumi huandikwa kuwa mteja mmoja wa maji. Zahanati hupangwa kwa idadi isiyo sahihi. Mpangaji naye, akijua kwamba huenda akahama mwaka ujao, huona mkutano wa mpango kuwa wa wenye ploti. Nakuru ilikumbwa na ghasia za kikabila mnamo Januari 2008, na katika mji wenye kumbukumbu hiyo, hisia ya nani ni mwenyeji na nani ni mgeni haiwezi kuachwa iamue nani atazungumza mkutanoni. Sheria haimtaki mtu aonyeshe hatimiliki ndipo atoe maoni. Inamtambua kama mkazi.

HAKI ZA KUSHIRIKI NA KUPINGA

Kifungu cha 115 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinasema ushiriki wa umma katika mipango ni wa lazima. Kinaitaka kaunti itoe taarifa zilizo wazi kuhusu matokeo yanayotarajiwa, athari kwa mazingira, njia mbadala zilizopo na gharama ya kila moja. Kuwaita watu uwanjani, kuwasomea orodha na kuchukua sahihi za waliohudhuria hakutimizi sharti hilo.

Mahakama zimelitilia mkazo. Mwezi Aprili 2014, Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Ingawa kesi hiyo ilihusu ada na ushuru, iliweka msimamo ambao kaunti zote zimelazimika kuuzingatia.

Mkazi ana silaha nyingine. Anaweza kuwasilisha ombi rasmi kwa serikali ya kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini yake, nayo ina wajibu wa kujibu. Kwa uamuzi mkubwa wa mipango au uwekezaji, sheria inaruhusu hata kura ya maoni ya eneo husika, iwapo ombi limetiwa sahihi na angalau asilimia 25 ya wapigakura waliosajiliwa wa eneo hilo. Kiwango hicho ni cha juu, lakini kuwepo kwake kunaonyesha uzito ambao sheria imempa mwananchi.

Katika matumizi ya kila siku, kinachofaa zaidi ni ufuatiliaji wa kawaida. Kikundi cha wakazi kinaweza kuomba nakala ya mpango wa miaka mitano, kutafuta jina la wadi, na kuorodhesha miradi iliyotajwa. Kisha kinaweza kulinganisha orodha hiyo na mpango wa Septemba, na bajeti ya Juni, na hatimaye na kilichojengwa. Mradi unaoonekana katika kitabu cha kwanza na kutoweka katika cha pili una mtu wa kuulizwa. Ule usioonekana popote unahitaji barua kabla ya Septemba nyingine.

Mpango wa sasa wa Nakuru unakoma mwaka 2027, mwaka uleule wa uchaguzi mkuu. Watakaochaguliwa Agosti hiyo watakuwa na miezi michache ya kuandika mpango wa kuwafikisha wakazi hadi mwaka 2032. Ahadi zitakazotolewa jukwaani hazitakuwa na nguvu ya kisheria. Zitakazoandikwa katika kitabu hicho ndizo zitakazoweza kudaiwa, na mikutano ya kukiandika iko wazi kwa mwenye ploti na mpangaji kwa pamoja.